Hedifoni Kwanza

Ukuta uligongwa tena. Ngo, ngo, ngo, chini kabisa, usawa wa godoro.

Inukai alizirukia spika, akapunguza sauti. Kugonga kukazidi. Akazima muziki kabisa, na huko upande wa pili ukuta ukagongwa kwa fujo, kama na mtu aliyepandwa na hasira, kisha pole pole kukawa kimya.

Tokyo nzima inajua maana yake. Kuta ni nyembamba, na jirani hasemi, anagonga. Ukijitia hamnazo anampigia simu mwenye nyumba. Inukai alishafukuzwa chumba kimoja kwa sababu ya kelele, na Bwana Usami, mwenye nyumba hii, alimwonya siku ile ile aliyompa ufunguo: "Lalamiko la kwanza ndilo la mwisho, kijana." Akifukuzwa tena, ni kurudi mashambani kwa baba yake, ambaye alimwambia mbele ya shangazi zake wote kwamba jiji litamtapika. Afadhali afe kuliko kumpa mzee yule raha hiyo.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba jirani mwenyewe, Bi Hatanaka, ajuza aliyeishi peke yake, alikuwa mtu wa Kyoto. Wiki iliyopita walikutana wakitupa taka.

"Muziki wako unanifurahisha kweli," bibi alisema huku anatabasamu. "Angalau najua kuna mtu hapo. Usiupunguze, baba."

Mtu wa Kyoto akikusifia, ujue umeshamchosha. Hilo hata watoto wanalijua. Inukai aliinama, akaomba radhi, akainama tena. Bibi akabaki anamkodolea macho kana kwamba haelewi anachoombwa. Anajua kuigiza huyu, Inukai aliwaza, na tangu siku hiyo akawa anapita mlangoni pake kwa kunyata.

Asubuhi baada ya kugongewa ukuta alinunua kiboksi cha peremende nzuri za kuombea msamaha, akakitundika kwenye kitasa cha Bi Hatanaka. Kengele hakubonyeza. Angemwambia nini? Akateremka ngazi mbio na kwenda Akihabara, mtaa wa vifaa vya umeme, kwenye duka alimouza Kozue, ambaye walisoma naye sekondari.

"Haya, umekuja kununua au kujaribu vitu vyetu bure kama kawaida yako?"

"Leo nanunua. Ila fedha inatosha kitu kimoja. Nianze na amplifaya au hedifoni?"

"Hedifoni kwanza! Amplifaya utaichomeka wapi, sikioni? Tatizo ni hedifoni gani." Akaweka mbili juu ya meza. "Hii hapa iko wazi nyuma. Ndiyo uliyonisumbua nayo mwaka mzima. Muziki unapumua, unajiona uko ukumbini. Ila na ya nje unayasikia: birika, kengele, jirani."

"Na hiyo nyingine?"

"Imezibwa. Ukivaa hii, nyumba iungue, utajua ukianza kunuka moshi wewe."

"Nipe hiyo."

"Subiri kwanza uisikilize, we Inukai!"

"Nipe iliyozibwa. Kuna mtu ananigongea ukuta."

"Si umuulize anataka nini?"

"Nani anauliza?"

Kozue akacheka, maana kweli, nani anauliza.

Jioni alipanda ngazi akakuta kiboksi kinaning'inia pale pale kwenye kitasa. Hakikuguswa. Inukai aliona aibu, halafu akaona hasira. Hata msamaha wangu huutaki, bibi wewe?

Alivaa hedifoni. Dunia ikafungwa kama mlango. Alimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza, akasikia kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa, mambo ambayo spika zake hazikuwahi kumwonyesha. Machozi yalimlengalenga, tena bila haya.

Jioni ya pili, akiwa ameegemea ukuta, mgongo wake ulihisi kitu. Mtetemo mdogo, ukapotea, ukarudi. Yaani hakuna hata kelele, na bado anagonga! Huyu hasumbuliwi na muziki, anataka tu nitoke. Inukai hakuvua hedifoni. Aliinuka, akalivuta godoro hadi upande wa pili wa chumba, akaongeza sauti.

Siku iliyofuata alivua hedifoni makusudi, akatega sikio. Kimya. Akasubiri. Kimya kitupu. Akashusha pumzi, akacheka peke yake kwa furaha. Nimesamehewa, alijiambia. Chumba ni changu.

Alifungua mlango aende kununua chakula. Nje, mlangoni kwa Bi Hatanaka, alisimama Bwana Usami, mkono mmoja umeshika kiboksi cha peremende, wa pili unatafuta ufunguo kwenye rundo.

"Bwana Usami, kama amelalamika, nimeshanunua hedifoni. Naapa, tangu juzi sijapiga kelele yoyote."

"Nani kalalamika? Mwanawe bibi huyu anapiga simu, haipokelewi." Ufunguo uliingia. "Wewe na yeye mmepakana ukuta. Hukusikia chochote?"

Mlango ukafunguka.

Bi Hatanaka alikuwa sakafuni, kando ya kiti kilichoanguka, mguu umepinda chini yake, mkononi kijiti cha kujikunia mgongo. Uso wake ulielekea ukuta wa Inukai, na chini kabisa, usawa wa mahali godoro lilipokuwa, lipu ilikuwa imechimbika.