Upande wa Kushoto

Mfamasia alikuwa akimimina maji kwenye chupa ya sefaleksini, dawa ya unga ya mtoto mwenye maumivu ya koo, alipouliza swali lake la kila siku. "Mwanao ana mzio wa penisilini?"

"Sijui, dada," mama wa mtoto, mteja wa mtaa wa pili, akajibu. "Ila baba yake anao. Akiimeza tu, mdomo unamvimba upande wa kushoto, chai yote inamwishia shatini!" Akacheka, kicheko cha mwanamke anayependwa.

Maji yakasita. Mdomo ule mfamasia aliujua. Aliukanda kwa barafu mwaka aliofunga ndoa, huku yeye mwenyewe akicheka vivyo hivyo.

Akamtazama mtoto. Paji la uso lilikuwa la mumewe, halina hata haja ya kuulizwa. Kumbe zile safari za kikazi ziliishia mtaa wa pili!

Akajaza maji mpaka kwenye alama, akaitikisa chupa mpaka povu likapanda shingoni.

"Hii itamfaa. Asubuhi na jioni, na usiikatishe hata akichangamka."

"Asante, dada."

"Na baba yake mwambie leo ale hukohuko."