Milango Iliyomtii Gavana

Huko Mirihi, milango yote ya nyumba zetu ilitii lugha ya gavana peke yake. Mama mkwe wa Kadzo alipozidiwa na homa, maneno ya kigeni yalimtoka kichwani. Akaita kwa Kigiriama, mlango usifunguke. Kadzo aliporudi kazini alimkuta bibi huyo amekufa hapo kizingitini.

Baada ya maziko, Kadzo alichukua mtaimbo, akaung'oa mlango na kuutupa barabarani.

"Kadzo, watakufunga!" jirani akamwambia.

"Waje. Nyumba yangu haitamsikiliza mgeni tena."

Kufikia jioni, mtaa mzima ulikuwa umeng'oa milango na kuziba barabara. Askari walipofyatua risasi, miji mingine ikaamka. Tulipigana miaka miwili, mpaka gavana akarudi kwao Duniani, nasi tukajitawala.

Fundi alipoleta mlango mpya, Kadzo alimwambia, "Weka kitasa cha mkono tu."

"Haiwezekani, dada. Baraza letu limeshaamua kwamba milango itatii Kiswahili."

Kadzo akatazama nje. Nyumba ya pili, mzee mmoja Mhabeshi alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mpya, akijaribu kutamka, "Fungua."