Kapteni Arudi Darasani

Kapteni Ndeshi alikuwa amebeba wagonjwa angani miaka ishirini na miwili kwa kujitolea. Bwana Shemdoe, tajiri wa mjini, alipokuja uwanjani kugharamia kuipaka rangi ndege mpya ya wagonjwa na kuiandika jina lake mwenyewe, Ndeshi alimketisha kwenye kiti cha rubani.

"Tuseme tumo ndani ya wingu. Nionyeshe tuko juu kiasi gani."

Shemdoe akavikodolea macho vioo viwili vya vipimo vilivyojaa tarakimu. Kidole kikatangatanga.

"Sijui. Wewe si unajua?"

"Najua, ila natafuta. Ndege ya zamani ilikuwa na mishale ya vipimo, jicho likienda lenyewe. Hapa sekunde tatu zinanipotea, na mlima haungoji. Rangi iache, mzee. Tuletee mwalimu wa ndege hii, mimi na wenzangu."

"Mtu mzima kurudi darasani! Huoni haya?"

"Haya ningeona mbele ya mgonjwa, nikitafuta tarakimu wingu likitufunika."

Shemdoe aliinuka kitini. "Basi, mwalimu atakuja."

Mwezi uliofuata, wakiwa angani, mwalimu alikizima kioo cha mbele ya Ndeshi bila kumwonya. Ndeshi akacheka, jicho likaenda lenyewe kwenye kioo cha pili, akatuliza mikono kwenye usukani, akaielekeza pua ya ndege kwenye wingu jeupe.