Mita Arubaini na Sita za Bafta

Daraja lilikuwa limevunjika na watu juu yake, na ujumbe pekee kutoka ng'ambo ulikuwa wa kuagiza sanda.

"Maiti saba, Mwalimu," alisema Mzee Shebe, muuza bafta. "Mita arubaini na sita. Mkubwa huchukua kumi, mtoto nne."

"Watoto wangapi?"

"Hawakusema."

Mwalimu Ruzuna akachukua chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia: wakubwa ni saba toa watoto. Akaiweka saba toa watoto mahali pa wakubwa, akazidisha kwa kumi, akaendelea hadi mwisho. Watoto walikuwa wanne.

Asubuhi alikuwa amewavusha darajani hapo wanafunzi watano kwenda kufanya mtihani na kurudi alasiri.

Akafuta hesabu kwa kiganja, akatoka. Barazani, akina mama watano wakasimama kwa pamoja.