Nafasi Moja Upande wa Kushoto

Mguu ulilia kabla mwenye mguu hajalia. Uwanja mzima uliusikia, hata mtunza vifaa aliyekuwa akiokota mipira nyuma ya goli. Halafu Chiriku, kijana ambaye tangu asajiliwe hakuwahi kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni, alifungua kinywa na sauti isitoke.

Kufuli ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti kando yake.

"Shemeji! Niangalie mimi, shemeji! Usiangalie huko chini!"

Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Mtu anaweza kukuvunja mguu na bado akakuonea huruma. Maana Kufuli alikusudia. Mpira aliuona vizuri kabisa, ulikuwa umeshapita, naye akaingiza kiatu vilevile.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jioni ile kocha alitakiwa kupeleka ligi majina ya kikosi cha msimu. Kikosi kilikuwa kimeshajaa, imebaki nafasi moja tu ya beki wa kushoto, na mabeki wa kushoto walikuwa wawili. Mmoja ni huyu Kufuli, aliyepewa jina hilo enzi ambazo winga akifika kwake amefika mwisho wa safari. Wa pili ni Chiriku, mume wa dada yake mdogo, ambaye Kufuli mwenyewe alimshika mkono akamleta kwa kocha na kusema, "Huyu mjaribu, hutajuta." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii Kufuli aliishona kwa mkono wake.

Wenzake walikuwa wakimtania kwamba ng'ombe hazeeki maini. Sawa, maini hayazeeki, lakini magoti je? Timu nyingine isingemtazama mara mbili. Kazi nyingine hakuijua. Alichojifunza duniani ni kusimama kushoto na kumzuia mtu asipite. Wiki nzima hakupata usingizi wa maana. Kila akifumba macho alijiona dukani kwa baba mkwe wake, akipimia watu misumari. Aliogopa sana, kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Walimbeba Chiriku hadi chumba cha matibabu, Kufuli ameshika upande wa kichwa. Daktari wa timu alikata soksi kwa mkasi, akatazama, akafunika tena.

"Umeumia wapi?"

"Daktari na wewe! Si unauona mguu?" Chiriku alijitahidi kucheka huku jasho likimchuruzika.

"Nauliza ulipoumia. Hapa mazoezini, au umekuja nao hivi kutoka nyumbani?"

"Hapa hapa mazoezini," Kufuli alidakia. "Mimi ndiye niliyegongana naye, bahati mbaya tu. Nani anayebisha?"

"Habishi mtu. Nitamwambia kocha umethibitisha wewe," daktari alisema, akatoka na simu sikioni.

Chiriku aliutafuta mkono wa shemeji yake akaushika.

"Mpigie mke wangu wewe. Wewe ndiye unayejua kumtuliza. Na usijilaumu, shemeji, mpira ndivyo ulivyo."

Kufuli akapiga. Alimwambia dada yake kwamba mumewe ameteleza kidogo, asihangaike na hali yake ile ya ujauzito. Dada alilia, kisha akajikaza. "Afadhali ulikuwepo karibu naye, kaka," alisema. Kufuli aliitikia kwamba ni kweli, afadhali.

Kilichomtia baridi ni kamera. Kule juu ya jukwaa msaidizi wa kocha hurekodi kila zoezi, na macho hayana pazia. Kufuli alikaa chumba cha kubadilishia nguo akifungua na kufunga kamba za viatu. Mtunza vifaa alikuwa akichungulia mlangoni na kuwaita wachezaji mmoja mmoja. Kuna waliorudi wanapiga miluzi. Kuna waliorudi kuchukua begi tu, wala hawakuaga.

"Kufuli. Kocha anakuita."

Alipiga moyo konde, akaingia. Kocha alikuwa ameinamia kompyuta, na kwenye kioo picha ilikuwa imesimamishwa: kiatu chake, mguu wa Chiriku, na mpira uko mbali na vyote viwili.

"Kaa. Nimeitazama hii tena na tena."

"Kocha, mimi..."

"Acha kujitesa. Ulichelewa tu, umri huo. Mtu aliyekusudia halii vile, na isitoshe yule ni shemeji yako. Aliyekuja kunong'ona hapa nimemfukuza."

Pumzi zikamshuka Kufuli. Alitamani kucheka, akajizuia kwa heshima ya msiba. Moyoni alikuwa ameshavaa jezi ya msimu mpya na kuisikia ikimbana mabegani.

"Ila unga umemwagika, kaka," kocha alisema. "Kushoto anabaki Chiriku."

Kufuli alidhani hakusikia vizuri. "Chiriku yupi? Kocha, mguu wa yule umevunjika vipande! Hasimami mpaka msimu uishe!"

"Ndiyo hivyo sasa. Mchezaji aliyeumia akiwa kazini ligi hairuhusu kumwacha. Nafasi ni yake hata akiwa amelala kitandani, na wewe mwenyewe ndiye uliyemthibitishia daktari. Itabidi kushoto nimhangaishe beki wa kulia, nitafanyaje?"

Kocha alifunga kompyuta, akasugua macho kwa viganja. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa.

"Na asubuhi nilikuwa nimeshamkata yeye. Nilisubiri tu mazoezi yaishe nimwambie."