Mguu wa Pedali

"Fumba macho, mama. Ukisikia nakuchoma mguuni kwa pini, sema," daktari alimwambia.

Fundi cherehani akafumba, akajikaza. Kazi yake yote ilikuwa mguuni. Asipoisikia pedali, nguo za watu atazishonaje?

"Nasikia," alisema. Akangoja kidogo. "Hapo tena."

"Mama, sijakuchoma bado."

Aibu ikamzuia kufumbua macho. Daktari akamweleza polepole. Dawa anazomeza zimetuliza virusi vyake vya siku zote, vya UKIMWI, lakini kipimo kimeonyesha vingine vya jamii hiyohiyo, navyo vimejificha kwenye chembe nyeupe za damu. Vikikaa pamoja, vinaweza kuharibu mishipa ya fahamu.

"Kumbe nina wapangaji wawili!" Akacheka peke yake. "Na mimi najiona naishi mwenyewe."

"Nyumbani nani anakusaidia?"

"Nani, daktari? Tangu mume wangu afariki, hakuna hata wa kunigusa."

Fundi akafumbua macho.

Pini ilikuwa mezani. Daktari alikuwa ameinama, ameushika mguu wake kwa viganja vyote viwili, tena kwa nguvu.