Kilomita Nne za Mlima

Obdulia aliishiwa petroli mbele ya kituo cha mafuta cha shemeji yake. Akashuka, akaanza kulisukuma gari akipite.

"Shemeji, acha ukaidi," alisema mwenye kituo, mpira wa pampu mkononi. "Meli iliyomwaga mafuta baharini si yangu."

"Jina kwenye bango lako hapo juu ni la wenye meli. Mimi hawaniuzii tena."

Akamwonyesha viganja. Wiki tatu alikuwa akikwangua mafuta hayo kwenye miamba ya pwani ya Galicia, Hispania, anakookota kome, na weusi umeingia kila mstari.

"Kituo kingine kiko kilomita nne. Mlima mtupu."

"Najua."

Mwanamume aliviangalia viganja vile. Akatundika mpira, akafunga ofisi, akaja kuweka bega nyuma ya gari.

"Kaa kwenye usukani. Ila dada yako akijua nimemsukuma mteja mpaka kwa mshindani wangu, nalala nje."